Bei ya Kungoja

Barabara ya Bagamoyo, katika kipande chake kitokacho Mwenge, kikapita Lugalo, Makonde na Tangi Bovu hata kufika Africana, ina jambo ambalo mtu wa shughuli ya ugavi wa dawa hawezi kulipita bila kulitafakari: ndani ya masafa ambayo daladala huyamaliza kwa muda mfupi, foleni ikiridhia, umekusanyika karibu mnyororo wote wa dawa wa dunia, isipokuwa ncha yake ya mwanzo. Upande wa Mwenge kipo kiwanda cha Shelys, kinachotengeneza vidonge kwa malighafi iliyovuka bahari. Mbele yake, kila baada ya hatua chache, ipo famasi yenye taa nyeupe na feni. Na nyuma ya famasi hizo, katika mitaa ya Mbezi Beach na ya Kawe, zipo hospitali za watu binafsi, na zipo zahanati za umma ambazo dawa zake hutoka Bohari ya Dawa, Keko. Mgonjwa wa shinikizo la damu akaaye pande hizi aweza kuikosa dawa yake zahanati siku ya Jumatatu, akaipata famasi jioni ile ile kwa bei ya juu, na wiki chache baadaye akaikosa kotekote kwa siku moja, kana kwamba maduka yote yamekula njama. Hakuna njama. Kuna mpango, au tuseme kuna mipango mingi isiyojuana, na kila mmoja wao ukiutazama peke yake una akili zake.

Nitadai katika safu hii jambo moja tu, nalo ni kwamba katika ugavi wa dawa muda usiojulikana ni ghali kuliko muda mrefu, na aghalabu ni ghali kuliko bei kubwa. Na kwamba wapangaji, wa Serikali na wa kampuni, wa hapa na wa ng'ambo, wameshughulika mno na kupunguza bei ya kidonge na kunoa maoteo ya mahitaji, wakaiacha kando hesabu ya ucheleweshaji, ambayo ndiyo ilayo fedha na, wakati mwingine, watu.

Tuanze na famasi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na macho. Famasi ya Mbezi Beach haina ghala, wala haioni haja ya kuwa nalo. Muuzaji wake hupiga simu asubuhi kwa duka la jumla Kariakoo, na kabla ya adhuhuri bodaboda imekwisha kuleta katoni mbili za amoksilini na boksi la metformini. Muda wake wa kungoja ni saa, nao haubadiliki sana. Kwa hiyo aweza kuendesha biashara kwa akiba ya siku chache, na fedha yake ikazunguka mara nyingi katika mwezi. Walakini wepesi huo si wake. Ameuazima kwa mwagizaji, ambaye yeye mwenyewe hungoja miezi. Ndiyo sababu famasi za barabara moja, zilizo nyingi hata mtu akadhani kuwa kila moja ni chemchemi yake, hukauka pamoja: nyuma yao wapo waagizaji wachache, na nyuma ya waagizaji hao, kwa dawa nyingi, kipo kiwanda kimoja au viwili vya Gujarat au Hyderabad.

Zahanati ya umma ina mwendo mwingine. Mhudumu wake huandaa maombi kwa vipindi vilivyowekwa, hapo zamani mara nne kwa mwaka na siku hizi mara sita, akaonyesha kilichotumika, kilichobaki na kinachotakiwa. Maombi hupitiwa na mfamasia wa halmashauri, yakaingia katika mfumo wa kompyuta, yakafika Bohari, na dawa zikaletwa kwa gari hata mlangoni. Mpango huu, kwa maandishi, ni bora kuliko ule wa famasi, maana unamhesabu mgonjwa, ilhali famasi huhesabu mauzo. Tena umefikiwa kwa taabu na kwa hatua. Katika mwaka 1983 Tanzania, ikiishiwa fedha za kigeni, ilianza kupokea dawa katika vitita vilivyofungwa tayari, kwa msaada wa Denmark na usimamizi wa UNICEF, na kila zahanati ikapata kitita kilicho sawa na cha mwenziwe. Ni jambo lililookoa maisha bila shaka yoyote, lakini lililowapa watu wa milima ya baridi dawa za malaria kwa kipimo cha watu wa bonde la Rufiji, na likawaachia wote makopo ya vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Bohari ya Dawa iliundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993 ili kushika mahali pa bohari kuu ya zamani ya Wizara, ikaanza kazi mwaka 1994. Na tangu mwishoni mwa muongo huo vitita vilianza kuacha nafasi kwa maombi, mkoa baada ya mkoa. Kutoka kupewa hata kuomba ni mwendo mkubwa, na sioni haki kwa wale wanaousimulia kana kwamba haukuwapo.

Lakini kuomba nako kuna maradhi yake, na maradhi hayo yamesomwa sana. Jay Forrester wa chuo cha MIT aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1961. Na mwaka 1997 Hau Lee na wenzake wakayaeleza tena kwa jina la athari ya mjeledi, kwa kuwa mkono ukitikisika kidogo kwenye mpini, ncha ya mjeledi hupiga mbali. Kampuni ya Procter & Gamble iliona kwamba watoto wachanga hutumia nepi kwa kiasi kisichobadilika, ilhali maagizo yaliyofika kiwandani yalipanda na kushuka kama mawimbi. Miongoni mwa sababu ambazo Lee alizitaja, iko moja inayotuhusu kuliko zote: mtu aliyezoea kupewa nusu ya alichoomba, ataomba mara mbili. Nesi aliyeomba makopo kumi akapata matano, safari ya pili huandika ishirini, si kwa udanganyifu bali kwa hadhari. Mfamasia wa halmashauri, akijua tabia hiyo, hupunguza kwa kukisia. Kanda hukusanya makisio ya makisio. Na Keko, ikitazama tarakimu zilizokwisha kupita mikono mitano, hutakiwa kutoka hapo kuagiza shehena itakayofika mwaka ujao. Mara dawa inapofika kwa wingi, kila mtu hugundua kwamba hakuihitaji kwa kiasi kile. Ndivyo ghala moja linavyoweza kuwa na dawa zilizoisha muda wake na orodha ya dawa zilizokosekana kwa wakati mmoja, jambo ambalo magazeti yetu huliita uzembe kwa wepesi mno.

Wahusika wengi hudai kuwa tiba ya hayo ni maoteo bora: kompyuta zaidi, takwimu za papo kwa hapo, na siku hizi akili bandia. Mimi sipingi kompyuta. Nataka tu msomaji anifuate katika hesabu moja, ambayo nimeitunga kwa mfano, lakini kanuni yake ni ile ile inayofundishwa katika vyuo vyote vya ugavi.

Chukua dawa ambayo nchi hutumia dozi 100,000 kwa mwezi, matumizi yakiyumba kwa dozi 20,000 juu au chini. Chukua kwamba tangu agizo kutoka hata dawa kufika hupita miezi tisa kwa wastani, lakini muda huo nao huyumba kwa miezi miwili huku na huku. Swali ni hili: ghala liweke akiba ya tahadhari kiasi gani, ili katika kila mizunguko 20 ya kuagiza likaukiwe mara moja tu? Kanuni husema: chukua kipeo cha pili cha kuyumba kwa matumizi ukizidishe kwa miezi ya kungoja; chukua kipeo cha pili cha kuyumba kwa muda ukizidishe kwa kipeo cha pili cha matumizi; ujumlishe, utafute kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 1.65. Jawabu ni dozi 344,500 hivi, yaani chakula cha miezi mitatu na nusu kilicholala ghalani bila kuguswa.

Sasa tufanye muujiza wa kwanza. Tuseme maoteo yetu yamekuwa makamilifu, tunajua matumizi ya kila mwezi bila kukosea hata kidonge. Akiba inayohitajika hushuka hadi dozi 330,000. Tumeokoa kama asilimia nne. Muujiza wa pili: tuyaache maoteo na makosa yake yote, lakini tupunguze muda wa kungoja kutoka miezi tisa hata minne, huku kuyumba kwake kukibaki miezi miwili. Akiba ni dozi 336,500, karibu pale pale. Muujiza wa tatu: maoteo yabaki mabovu, safari ibaki miezi tisa, ila kuyumba kwa muda kupungue kutoka miezi miwili hadi mmoja. Akiba inakuwa dozi 192,400. Tumeokoa asilimia 44, na hatujamnunulia mtu kompyuta hata moja.

Nakiri kwamba mfano hauchukui kila kitu. Safari fupi ina faida nyingine, kwa kuwa dawa iliyo baharini ni fedha isiyofanya kazi, na maoteo ya mwezi wa nne hukosea kidogo kuliko ya mwezi wa tisa. Tena kuna dawa ambazo matumizi yake hurukaruka, kama za kipindupindu, na kwa hizo uwiano hugeuka. Lakini kwa zile dawa za kila siku, za shinikizo, za kisukari, za vichomi vya watoto, za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambazo wagonjwa wake hawaongezeki wala kupungua kwa ghafla, kuyumba kwa muda ndiko kunakotawala, na yeyote anayeanza mahali pengine ameanza pasipo na faida.

Wazee wa pwani hii walilielewa jambo hili bila vipeo wala vipeuo. Jahazi lililoleta nguo na vyombo kutoka Kachi na Bombay lilikuja na kaskazi, likarudi na kusi, na aliyekosa msimu alingoja mwaka. Na juu ya ngoja hiyo ndefu ulijengwa utajiri wa Unguja, Lamu na Bagamoyo, pamoja na mikopo ya miezi kwa miezi. Pepo zilikuwa pole, lakini zilitimiza miadi.

Basi ni nini kinachouyumbisha muda wetu? Wengi hunyosha kidole baharini, na bahari ina sehemu yake, ila ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Meli Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, na mashambulio ya Bahari ya Shamu yalipoanza kuzigeuza meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema tangu Novemba 2023, dawa zetu zitokazo India hazikuwa katika njia ile. Zilidhurika kwa mkono wa pili, kwa uhaba wa makontena na kupanda kwa nauli. Kilichotugusa moja kwa moja ni tangazo la India la tarehe 3 Machi 2020, lililozuia kwa muda usafirishaji wa malighafi na dawa 26, parasetamoli ikiwamo, kwa kuwa India yenyewe ilikuwa haipati malighafi kutoka China. Hapo ndipo wengi walipong'amua kwamba duka la dawa la dunia nalo hununua dukani.

Chanzo kikubwa cha kuyumba kipo nchi kavu, nacho ni fedha. Mwaka 2014 deni la Serikali kwa Bohari ya Dawa lilikuwa limevuka shilingi bilioni 100, na bohari isiyolipwa hailipi. Ni kweli kwamba hali ilibadilishwa kwa kishindo: bajeti ya dawa iliyokuwa kama shilingi bilioni 31 katika mwaka 2015/16 ilipandishwa hadi bilioni 251.5 mwaka uliofuata, yaani mara nane. Nalisifu jambo hilo. Lakini bajeti ni ahadi ya mwaka, ilhali kiwanda huuliza habari za mwezi. Kiwanda cha vidonge hutengeneza dawa moja kwa kundi, kikasimamisha mitambo, kikaisafisha, kikaanza nyingine. Kila mteja amepangwa katika foleni, na mteja ambaye hajulikani atalipa lini huwekwa nyuma ya yule ajulikanaye, au huongezewa bei ili imfidie mwenye kiwanda kwa wasiwasi wake. Mteja huyo akilipa ghafla mwezi wa Juni, kwa sababu mwaka wa fedha unakwisha, atakuta mitambo inashughulika na ya wengine mpaka Oktoba. Miezi minne imepotea, na hakuna hata saa moja katika hiyo ambayo meli ilichelewa.

Upo pia muda ambao ni wajibu usipunguzwe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hadi mwaka 2019 ilikuwa TFDA, ilipata mwaka 2018 daraja la tatu la umahiri katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Na heshima hiyo haikupatikana kwa kufumba macho bandarini. Usajili, ukaguzi wa viwanda na uchunguzi wa sampuli vina siku zake. Ninachokitaka si kuzikata siku hizo, bali zijulikane, ili ziingie katika mpango kama vile mwashi anavyoziweka katika hesabu siku za saruji kukauka.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote wa gharama ya muda usiojulikana uliipitia Tanzania yenyewe, na nadhani tumeusahau mapema mno. Klorokwini ilipokwisha kushindwa na malaria, nchi iliiacha mwaka 2001, ikashika SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini. Na SP ilipoanza nayo kulegea, ikaamuliwa kuhamia dawa ya mseto, ALu, ambayo ilianza kutumika katika vituo mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinafanya uamuzi huo huo katika miaka hiyo hiyo. ALu hutegemea artemisinini, na artemisinini hukamuliwa katika mmea. Kwa hiyo kati ya mbegu kutiwa ardhini na kidonge kutiwa katika kasha hupita zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilitangaza uhaba. Bei ya artemisinini ikapaa hata zaidi ya dola 1,000 kwa kilo. Wakulima wakahimizwa, China, Vietnam, na hapa kwetu pia, katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na kiwanda cha kukamua kikajengwa Athi River. Mavuno yalipoingia, fedha za kununulia ALu zilikuwa zinatoka kwa vipande, kwa zabuni hii na msaada ule, kila nchi kwa kalenda yake. Mahitaji ya kweli, yaani wagonjwa wa malaria, hayakubadilika sana, lakini maagizo yalisitasita. Kufika mwaka 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 200. Wakulima wakang'oa, wakarudia mahindi, na baada ya miaka michache uhaba ukarejea. Mbu hawakuwa na lawama katika kuyumba kule. Walikuwa wanauma kwa kiwango chao cha kila siku.

Hapa hutokea mtu akasema: basi tutengeneze wenyewe, tuachane na safari. Ni hoja yenye nasaba ndefu. Wajerumani walipanda miti ya kwinini Amani, katika Usambara, baada ya kuanzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902. Na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifunga bahari, jeshi lao chini ya Lettow-Vorbeck liliishi kwa kwinini iliyotolewa katika magome hayo, na mwaka 1916 lilipofukuzwa kaskazini likaendelea kuinywa ikiwa majimaji machungu ambayo askari waliyapa jina la pombe ya kamanda wao. Mti wa kwinini, hata hivyo, huchukua miaka kukua. Amani iliwafaa wakati wa vita kwa kuwa ilipandwa wakati wa amani, na kwa nia nyingine kabisa.

Viwanda vya leo navyo vitazamwe kwa jicho hilo. Vidonge vinavyofinyangwa Dar es Salaam kwa malighafi ya India au China vimefupisha sehemu ya mwisho ya safari tu. Ile sehemu iyumbayo, ya kuingia katika foleni ya mwenye malighafi, ipo pale pale, na imehama tu kutoka meza ya Keko kwenda meza ya mwenye kiwanda. Tofauti ni dripu. Maji ya mishipani ni mazito, ni rahisi kwa bei, na hujaza kontena kwa thamani ndogo, hata nauli ikashindana na bei ya kitu chenyewe. Kwa hiyo kiwanda cha Kairuki kilichojengwa Zegereni, Kibaha, kina hoja ya hesabu ambayo kiwanda cha vidonge hakina. Asiyeamini na aiulize Marekani, ambayo kampuni zake, kwa kufuata unafuu wa kodi, zilirundika viwanda Puerto Rico, na tufani Maria ilipokipiga kisiwa hicho Septemba 2017, hospitali za taifa tajiri kuliko yote zikahesabu mifuko ya dripu kama sisi tunavyoihesabu. Mpango ule ulikuwa bora kabisa kwa kipimo ulichopewa. Hesabu za namna hii, tangu George Dantzig alipoziwekea njia yake ya utatuzi mwaka 1947, hutii sana: ukiziambia zipunguze gharama, zitapunguza gharama, na hazitakuuliza habari za tufani.

Katika mambo yaliyobuniwa hapa nchini, lililonivutia zaidi ni Jazia, mfumo wa mshitiri. Ulianza mkoani Dodoma mwaka 2014 kwa msaada wa Uswisi, ukaenezwa nchi nzima mwaka 2018. Kituo kilichokosa dawa Bohari hakimtafuti muuzaji yeyote kwa fedha taslimu na risiti tatu za ushindani. Humwendea mshitiri mmoja wa mkoa, aliyekwisha kuchaguliwa kwa zabuni, kwa bei na muda wa kuleta vilivyokubaliwa kabla, na hulipa kwa mapato yake mwenyewe. Waliousifu waliusifu kwa bei. Mimi nausifu kwa ile miadi ya kuleta, kwa kuwa ni mojawapo ya mahali pachache katika mnyororo wetu ambapo muda umeandikwa kuwa sehemu ya mapatano. Udhaifu wake ni kwamba mshitiri huchota katika kisima kile kile cha waagizaji wachache. Na kwa upungufu mdogo ni kiraka kizuri, kwa upungufu wa dunia si kitu.

Yapo pia matumaini yaliyowekwa katika ununuzi wa pamoja wa nchi za SADC, ambao mwaka 2018 Bohari yetu ilikabidhiwa kuuratibu. Wingi hushusha bei, sina ubishi. Lakini mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai, wa Afrika Kusini na Botswana huanza Aprili, wa Zambia huanza Januari; na wanunuzi waliounganisha mahitaji bila kuunganisha siku za kulipa wamempelekea mzalishaji agizo kubwa lenye wasiwasi mkubwa. Na juu ya hayo limekuja la mwaka 2025: amri ya Marekani ya tarehe 20 Januari iliyosimamisha misaada, na kufungwa kwa USAID kufikia Julai mosi, katika nchi ambayo dawa za UKIMWI kwa sehemu kubwa zimekuwa zikilipiwa na Mfuko wa Dunia na Marekani. Watu wameizungumza habari hiyo kama upungufu wa fedha. Kwa mpangaji, pigo la kwanza halikuwa kiasi. Lilikuwa kutojua, kwa wiki na wiki, kama agizo lililokwisha kutolewa litalipiwa au halitalipiwa.

Basi nipendekeze kitu kinachopimika. Zabuni za dawa hulinganisha bei ya dozi, na ucheleweshaji huachiwa vifungu vya adhabu ambavyo ni vigumu kuvitekeleza. Iwekwe bei ya kungoja ndani ya ulinganisho wenyewe. Turudi katika mfano wetu, na tuseme dozi ni shilingi 1,000. Mzabuni ayumbaye kwa miezi miwili humlazimu mnunuzi kuweka dozi 152,000 zaidi kuliko mzabuni ayumbaye kwa mwezi mmoja. Hizo ni shilingi milioni 152 zilizolala, na tukikadiria gharama ya kuzilaza, yaani mtaji, ghala na zitakazoharibika, kuwa robo ya thamani kwa mwaka, tunapata milioni 38. Ununuzi wa mwaka mzima ni shilingi bilioni 1.2. Kwa hiyo mzabuni mwaminifu wa muda astahili kupewa zabuni hata akizidi kwa bei karibu asilimia tatu. Si nyingi, na nimefurahi kwamba si nyingi, kwa sababu jambo dogo lenye tarakimu hupita katika kamati kwa urahisi kuliko jambo kubwa lenye hotuba. Na hapo sijamhesabu mgonjwa, maana hesabu yangu imechukulia kwamba akiba ile ipo; isipokuwapo, gharama haikai tena ghalani, huhamia kwake.

Sharti hilo litamgeukia mnunuzi naye. Hatuwezi kumpima mzalishaji kwa miadi ilhali sisi hatuna miadi ya malipo. Katika vikao vya bajeti Dodoma wabunge huuliza dawa zimetengewa bilioni ngapi, na mwaka ufuatao huuliza zilitoka ngapi. Bado sijazoea kusikia wakiuliza zilitoka mwezi gani. Hazina yaweza kujibu, na kwa haki, kwamba haiwezi kuahidi fungu lililo sawa kila mwezi, kwa kuwa kodi zenyewe hazikusanywi sawa: makusanyo hupanda Septemba, Desemba, Machi na Juni, ambapo walipa kodi hutoa awamu zao. Basi isiahidi kila mwezi. Iahidi miezi inayofuata hiyo minne, kwa maandishi, ndani ya mikataba ya miaka mitatu yenye kiwango cha chini na cha juu cha ununuzi, na ipeleke pamoja na kila malipo takwimu za matumizi ya zahanati, badala ya maagizo yaliyokwisha kuvimba njiani. Mwenye kiwanda wa Hyderabad akijua kwamba fedha yake huja Oktoba, Januari, Aprili na Julai, na kweli ikaja, atapanga mitambo yake kwa kuifuata, wala hatalalamika kwamba haikumfikia Agosti.